Dizeli au Petroli: Shangingi la Mjomba na Historia ya Ukanda wa Dhahabu

Mjomba wangu alistaafu mwaka jana baada ya kuitumikia halmashauri kwa zaidi ya miaka 30. Mafao yake yalipoingia benki alinipigia simu alfajiri kutoka Shinyanga. Alianza kama kawaida yake na "Mwangaluka", akawaulizia watoto mmoja mmoja kwa majina, akaeleza habari za mvua, ndipo akafika kwenye lililomwamsha: "Mjomba, wewe umesoma hadi ukamaliza. Niambie, dizeli au petroli?"

Hakuwa anatania. Alikuwa amepata magari mawili, yote Land Cruiser toleo la 200, yote mtumba, na bei zake zilikaribiana. Moja lilikuwa la petroli, lililoletwa kutoka Japani na kusubiri mteja Dar es Salaam. La pili lilikuwa la dizeli, lililotumiwa na taasisi moja katika kanda ya ziwa, likauzwa mnadani, na sasa lilikuwa mikononi mwa dalali Kahama. Kila aliyemuuliza alimwambia achukue la dizeli. Petroli, walisema, ni ya watu wa mjini. Huku kwenye mbuga na migodi gari la mwanamume ni dizeli.

Kwanza nilimshauri asinunue lolote kati ya hayo. Nilimwambia gari dogo lingemtosha, na kinachobaki anunue ng'ombe. Alinyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani simu imekatika. Kwa miaka yote ya utumishi wake alikuwa amewafungulia wakubwa milango ya magari ya namna hiyo. Nilitambua kwamba swali la kununua au kutonunua lilikuwa limekwisha kujibiwa siku nyingi, na mimi nilikuwa nimeitwa kwa ajili ya lile la pili tu.

Mimi si fundi. Shahada yangu ya uzamivu haina hata ukurasa mmoja unaozungumzia nozo. Lakini kauli kwamba "huku ni kwa dizeli" ni kauli ya kihistoria, na kauli ya kihistoria inaweza kuulizwa: tangu lini, na nani aliyeamua?

Tangu lini? Si tangu mwanzo. John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi za Mwadui mwaka 1940, na masimulizi ya Shinyanga kuhusu siku hiyo, ambayo yana sura nyingi, aghalabu humhusisha na gari lililokwama au kuharibika njiani. Anayeijua mbuga ya Shinyanga wakati wa masika hashangai. Udongo ule mweusi ukilowa hulikamata gurudumu kama gundi, na ukikauka hupasuka nyufa za kumeza mguu. Hata hivyo magari madogo yaliyopambana na udongo huo katika miaka ya mkoloni yalikuwa ya petroli. Land Rover ilipozinduliwa Amsterdam mwaka 1948 ilikuwa na injini ya petroli ya lita 1.6. Ya dizeli ilikuja mwaka 1957, na kwa muda mrefu ilionekana kama mashine ya shamba: nzito, yenye kelele na moshi, na isiyo na haraka. Gari la kifahari la kuvuta kwa magurudumu manne nalo lilizaliwa likinywa petroli. Range Rover ya mwaka 1970 ilikuwa na silinda nane na petroli tupu. Mnunuzi alisubiri hadi mwaka 1986 kuipata ya dizeli. Kwa hiyo wanaoamini kwamba ukubwa na dizeli ni ndugu wa damu wanausimulia undugu usio wa zamani sana.

Kilichoigeuza hali ni uhaba. Misukosuko ya bei ya mafuta ya mwaka 1973 na 1979, pamoja na vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, viliiacha nchi ikihesabu mafuta kwa matone. Wasomaji wenye umri wangu na zaidi wanakumbuka, au walisimuliwa na wazazi, amri ya kutoendesha magari ya binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana. Katika hali hiyo injini inayokwenda mbali zaidi kwa lita ileile haikuwa suala la ladha. Injini ya dizeli haina plagi. Hubana hewa hadi iwe moto wa kutosha kuyawasha mafuta yenyewe, na ubanaji huo mkubwa ndio siri ya uchache wa unywaji wake. Lita moja ya dizeli pia ina nishati zaidi kuliko lita ya petroli, kwa asilimia zisizozidi 15. Serikali, vyama vya ushirika na wafadhili waliokuja na miradi yao walianza kuagiza magari ya dizeli, na Land Cruiser ikamsukuma Land Rover pembeni.

Kisha yakaja magari meupe. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa takribani saa 24. Chakula cha kuwalisha kilipita reli hadi Isaka, kikaendelea kwa barabara kupitia Kahama, na pamoja nacho walipita wafanyakazi wa mashirika ya misaada katika misafara ya Land Cruiser. Nilikuwa kijana mdogo, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona magari mengi ya aina moja yakifuatana kwenye vumbi. Kambi zilipofungwa mwishoni mwa mwaka 1996, mengi ya magari hayo hayakuondoka katika ukanda huu. Yaliuzwa, na mafundi wa Kahama, Shinyanga na Mwanza wakajifunza dizeli kwa kuyafungua na kuyafunga.

Walipoingia wenye migodi mikubwa, mambo yakawa yamekwisha. Geita ilikuwa na mgodi wa dhahabu tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Mgodi mpya wa wazi ulifunguliwa mwaka 2000. Bulyanhulu, ambako wachimbaji wadogo walikuwa wameondolewa kwa nguvu mwaka 1996, ulianza uzalishaji mwaka 2001, nao ni mgodi wa chini ya ardhi. Mgodi hupenda dizeli kwa sababu ambazo hazihusiani na fahari. Mvuke wa petroli unaweza kushika moto hata katika baridi iliyo chini ya nyuzi sifuri, ilhali dizeli huhitaji kupashwa joto zaidi ya nyuzi 50 kabla mvuke wake haujawa hatari. Hakuna mwenye akili anayeshusha petroli kwenye shimo lenye watu. Isitoshe, malori ya kubeba mwamba, mashine za kutoboa na majenereta ya umeme yote yalitumia dizeli. Mgodi uliokwisha kujenga matangi ya lita kwa mamilioni hauwezi kuhangaika na mafuta ya aina ya pili kwa ajili ya magari ya mameneja.

Ndivyo Land Cruiser ya mgodini, ile ya bodi ngumu yenye bomba la kuvutia hewa juu ambayo watu wetu waliibatiza "mkonga", ilivyokuwa alama ya ukanda mzima. Ndani yake mlikuwa na injini ambayo mafundi huitaja kwa heshima, 1HZ, iliyoanza kutumika mwaka 1990: silinda sita, lita 4.2, haina tabo, haina kompyuta. Pampu yake hufungua nozo kwa msukumo wa bar 150 hivi. Ukiweka mafuta machafu itakohoa, itatoa moshi, lakini itakufikisha.

Hapa lazima niende Tokyo kidogo, kwa sababu nusu nyingine ya historia yetu iliandikwa huko. Mwaka 1992 Japani ilitunga sheria ya kupunguza hewa chafu ya magari katika miji yake mikubwa, ikaikaza mwaka 2001. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alijitokeza mbele ya waandishi akitikisa chupa ya plastiki iliyojaa masizi meusi ya dizeli, na kuanzia Oktoba 2003 malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza masharti yakapigwa marufuku katika jiji hilo na mikoa jirani. Mwenye Land Cruiser au Prado ya dizeli katika miji hiyo hakuweza kuendelea kuisajili gari ilipozeeka. Ikapakiwa melini. Sisi, tuliokuwa tumefungua milango ya biashara tangu katikati ya miaka ya 1980, tulikuwa tunaipokea bandarini kwa shangwe. Masizi ambayo gavana aliyatikisa kwenye chupa yalihamia kwetu kwa hati halali na ushuru uliolipwa.

Lakini bomba hilo lilikuja kukauka. Wanunuzi wa Japani waliichoka dizeli, na Land Cruiser 200 ilipotoka mwaka 2007 iliuzwa katika soko la Japani ikiwa na injini ya petroli pekee. Ile ya dizeli, yenye silinda nane na tabo mbili, ilipelekwa Australia, Ulaya na kwa wanunuzi wa taasisi kama serikali zetu. Maana yake kwa mstaafu wa Shinyanga ni kubwa kuliko inavyoonekana. Shangingi la 200 la petroli aliloliona Dar es Salaam huenda lilikuwa la familia moja ya Kijapani, likipita katika barabara za lami na ukaguzi wa lazima wa kila baada ya miaka miwili. La dizeli karibu kwa hakika lilikuwa la taasisi, likaendeshwa na madereva kadhaa wasiolimiliki, katika barabara zetu, kwa mafuta yetu. Mtu anayechagua kati ya mafuta mawili anachagua pia kati ya maisha mawili ambayo magari hayo yamekwisha kuishi.

Na mafuta yetu yana historia yake, isiyo ya kujivunia. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo ili kumsaidia mnyonge mwenye kibatari. Wajanja wakayachanganya na dizeli. Kufikia mwaka 2010 neno "kuchakachua" lilikuwa limetoka kwenye vituo vya mafuta na kuingia kwenye siasa za uchaguzi, na tangu hapo halijaondoka katika Kiswahili. Mwaka huo EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuyatambua yaliyochezewa. Bajeti ya mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita, na kushusha wa dizeli kutoka 314 hadi 215. Faida ya kuchanganya ikapungua sana. Mwenye kibatari ndiye aliyelipia usafi wa injini za wenye magari, jambo ambalo sikumbuki likijadiliwa kwa uzito unaostahili.

Ubora uliongezeka tena mwaka 2015, Afrika Mashariki ilipoweka kikomo cha salfa katika dizeli kuwa sehemu 50 kwa milioni. Ulaya ilikwisha kufika 10 tangu mwaka 2009. Hata hivyo, mafuta yanayofika safi bandarini hayabaki safi kwa lazima yakihamishwa kutoka tangi hadi pipa, kutoka pipa hadi dumu, na kutoka dumu hadi kwenye gari lako Katoro saa mbili usiku.

Mwaka 2014 nililipa ada yangu katika somo hili. Nilikuwa na Prado ya dizeli ya lita tatu, silinda nne, mtumba, gari ambalo nililinunua kwa kuamini yaleyale ambayo mjomba aliambiwa. Dizeli za kizazi hicho hazina undugu na 1HZ isipokuwa jina la mafuta. Mafuta hukaa kwenye bomba moja kwa msukumo unaozidi bar 1,300, na kompyuta huamuru kila nozo ifunguke kwa sehemu ndogo ya sekunde. Tundu za nozo ni nyembamba mno. Maji kidogo au chembe za uchafu huziharibu. Nikiwa njiani kutoka Geita kuelekea kivuko cha Busisi, taa ya injini iliwaka, nguvu ikakatika, na nikalala palepale kwenye foleni ya malori. Gereji ya kwanza ilibadilisha nozo moja, ikanirudishia gari. Wiki ya pili ikafa nyingine. Nilipomaliza kubadilisha zote nne nilikuwa nimekula akiba ya ada ya mtoto ya mwaka mzima, na sikuwa na wa kumlaumu, kwa maana kituo nilichojaza mafuta kilinipa risiti safi kabisa.

Kwa hiyo nilimwomba mjomba achukue kalamu. Baada ya kustaafu, nilimuuliza, utakwenda kilomita ngapi kwa mwaka? Tukakubaliana 10,000: kliniki Mwanza, shamba upande wa Geita, misiba na harusi. Nilikadiria la petroli litakunywa lita 16 kwa kilomita 100, na la dizeli lita 11 na nusu. Bei za mafuta hayo mawili hupishana mwezi hadi mwezi, basi tukaweka shilingi 3,000 kwa yote. Tofauti ni lita 450 kwa mwaka, sawa na shilingi 1,350,000. Ni fedha, sikatai. Lakini fundi wangu alikuwa amenitajia bei ya nozo moja halisi ya injini ile ya silinda nane kuwa zaidi ya shilingi milioni moja, na ziko nane. Seti moja ikifa, imemeza akiba ya miaka sita, kabla hujagusa pampu wala zile tabo mbili.

Kisha nikamwomba afanye hesabu hiyohiyo kwa gari la mgodi linalokwenda kilomita 60,000 kwa mwaka. Akiba inakuwa shilingi 8,100,000 kila mwaka, kwa kila gari. Mgodi una tangi lake, mafuta yake huchujwa, karakana iko ndani ya uzio, na chujio hubadilishwa kwa kalenda bila kungoja dalili. Serikali nayo ina utaratibu wake wa mafuta na matengenezo, tuseme tutakalosema juu ya ufanisi wake. Kwao dizeli ilikuwa hesabu sahihi, na kilomita zilipoanza kulifanya gari kuwa ghali kuliko faida yake, hesabu sahihi ikawa ni kuliuza. Siku ya mnada ndiyo siku ambayo gharama zote zilizoahirishwa hubadilisha mwenyewe. Kodi zetu hazimwonyeshi mnunuzi lolote kati ya haya: ushuru wa bidhaa huangalia ukubwa wa injini, na ukishavuka cc 2,000 ni asilimia 10 kwa magari yote mawili, linywe petroli au dizeli.

Mjomba aliniuliza swali ambalo lilikuwa limenipita. "Na porini je? Zamani petroli ilikuwa haipatikani." Alikuwa sahihi kuhusu zamani. Katika miaka ya 1990, ukitoka barabara kuu, uliyeweza kumwomba mafuta alikuwa mwenye mashine ya kusaga au trekta, na huyo alikuwa na dizeli. Leo mkoa wa Geita una dizeli nyingi kuliko wakati wowote, kwa kuwa wachimbaji wadogo wanaendesha makarasha na pampu za kuvuta maji mashimoni. Lakini bodaboda zimefanya mapinduzi ambayo hatujayaandika vya kutosha. Hakuna kitongoji kisicho na meza ya mbao yenye chupa za maji zilizojazwa petroli, na petroli hiyo, ikiwa na uchafu, itakusumbua kwenye plagi na chujio, vitu ambavyo fundi wa kijijini anavibadilisha chini ya mwembe. Faida kubwa ya dizeli huko porini imeondoka kimyakimya, na methali za magari zimebaki palepale.

Nilimwambia kwamba kama angekuwa anatafuta mkonga wa 1HZ wa kubebea mahindi, ningempeleka kwa mikono yangu akachukue dizeli. Kwa shangingi la 200, la mtumba, la mtu asiye na karakana, achukue la petroli. Alisema ameelewa. Niliijua sauti ile; ni sauti ya mtu mzima anayekushukuru kabla ya kwenda kufanya alichokusudia.

Siku tatu baadaye alikwenda Kahama akiwa na fundi niliyemwomba amsindikize. Walipofika walikuta injini imekwisha kuwashwa. Boneti lilikuwa la moto, na fundi akagoma kusikiliza chochote hadi gari lipoe. Wakati wakingoja, akafungua kizibo cha chini ya chujio la dizeli na kukinga kwenye chupa ya maji ya kunywa. Wakaiweka kwenye ngazi ya duka, wakaenda kula. Waliporudi, sehemu ya chini ya chupa ilikuwa maji, na chini ya maji kulikuwa na utando mweusi kama kisigino cha sufuria. Dalali alisema hayo ni ya kawaida kwa gari lililosimama.

Jioni mjomba alipiga simu. Alikuwa amerudi Shinyanga na chupa yake, ameiweka mezani, na wajukuu wamekatazwa kuigusa. Alisema asubuhi atapanda basi kwenda Dar es Salaam kulitazama lile la petroli. Kabla ya kuagana akaniuliza kama muungurumo wa petroli husikika mtu akiwa anaingia getini, kanisani kwa mfano, watu wakiwa wamekwisha kukaa.

Nikamwambia hausikiki.

"Basi nitapiga honi," akasema.